Kigoda cha Kushoto

Tulipomzika mwalimu wa hesabu, mimi ndiye niliyepeleka hema na viti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu hapa Machakos. Waliosoma kunishinda walipewa kipaza sauti. Walisema alikuwa hodari, mwenye nidhamu, mpenda haki. Yote ni kweli, na yote husemwa juu ya kila mwalimu anayekufa. Mimi nilisimama nyuma nikikunja viti vya waliokwisha kuondoka. Nilifikiri kwamba ninayoyajua juu yake tunayajua watu watatu tu, na wawili kati yetu ni wazee. Ndiyo maana naandika, ingawa kuandika si kazi yangu.

Alikuwa mrefu, na bega lake moja lilikuwa chini kidogo ya jingine, upande aliozoea kubebea mkoba. Mfuko wa koti lake ulijaa vumbi la chaki, na hakuwahi kuukung'uta. Mbuzi wa njiani walimfuata wakidhani amebeba chumvi. Wanafunzi tulicheka, yeye hakugeuka. Alitembea kama mtu anayefuata mstari aliouchora mwenyewe ardhini, na ukimsalimia ghafula alisimama kwanza, akakutazama, ndipo akajibu, kama vile salamu nayo ilihitaji kukaguliwa.

Hakupenda kubahatisha. Ukimwambia jibu bila kuonyesha njia, hata likiwa sahihi, alilifuta. "Umeokota," alisema. "Mali ya kuokota ina mwenyewe." Lakini ukikosea huku njia yako ikionekana, alisimama kando ya dawati lako muda mrefu, akifuata hatua zako kwa ncha ya kalamu mpaka pale ulipoteleza, na hapo alisema kwa sauti ya chini, "Ni hapa tu." Nimekosea mambo mengi maishani tangu wakati huo, na sijapata tena mtu wa kuniambia hivyo.

Alikuwa na msemo aliourudia kila muhula: "Usihesabu kitu kimoja mara mbili." Kwenye hesabu maana yake ilikuwa wazi. Baadaye nilimsikia akiutumia nje ya darasa. Jirani mmoja alikuwa akimlalamikia mkewe juu ya ng'ombe aliyeuzwa zamani, naye mwalimu akapita, akasema, "Hasira hiyo uliihesabu mwaka jana, mzee. Usiihesabu tena." Jirani akaona haya. Mimi nikamwona mwalimu kuwa mtu mwenye hekima kubwa. Nilikuwa bado sijajua kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hasira moja aliyoihesabu kila Krismasi.

Somo lililomfurahisha kuliko yote lilikuwa la kupanga na kuchagua. Mtihani wetu haukuliuliza, au kama uliliuliza, si katika miaka yetu. Tulimuuliza.

"Mwalimu, hii itakuja kwa mtihani?"

"Itakuja."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wako wewe."

Kuchagua alitufundisha kwa mbegu. Aliweka mezani punje tano: hindi, haragwe, kunde, mbaazi na ndengu. Alituambia tuchague tatu, kwa njia zote zinazowezekana, na mpangilio usijali. Tukapata kumi. Kisha akatuambia tuchague mbili za kutupa. Tukapata kumi tena. Wengi waliona ni sadfa. Akakusanya punje zake, akazirudisha mfukoni kwenye vumbi la chaki, akasema, "Ukichagua tatu za kubaki, umeshachagua mbili za kuondoka. Ni hesabu moja. Mtu akikwambia amechagua tu, muulize ameacha nani."

Nyumbani tulikuwa watoto watano. Mwaka ule mvua ilikosa, na baba aliona anaweza kusomesha watatu. Alituita, akataja watatu. Mimi sikutajwa. Mwalimu alipoona dawati langu tupu alikuja kwetu jioni, akapewa kiti, akapewa chai, akainywa bila sukari kama kawaida yake. Baba alimweleza.

"Nimechagua watatu, mwalimu. Ni kadiri ya uwezo."

"Umeacha nani?"

Baba alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Mwalimu alimaliza chai, akanishika bega, akaenda zake. Sikuona kwamba alinisaidia, na hakujifanya kwamba amenisaidia. Lakini yeye peke yake ndiye aliyetaka aliyeachwa atajwe. Basi hapo ndipo masomo yangu yalipoishia.

Kabla ya hapo nilipata somo la duara, na hilo ndilo nililokusudia kulieleza.

Alitutoa nje, nyuma ya stoo ya mahindi ya shule palipokuwa na kivuli, akaweka viti sita mduara, akakalisha wanafunzi sita. Mimi nilikuwa mmoja wao.

"Simameni. Kila mmoja asogee kiti kimoja kulia. Ketini. Nini kimebadilika?"

"Viti, mwalimu."

"Jirani yako wa kulia ni nani?"

"Ni yuleyule."

"Wa kushoto?"

"Yuleyule."

"Basi hakuna kilichobadilika. Mmezunguka na kuchoka bure." Alingoja kicheko kiishe. "Kwenye mstari kuna wa kwanza na wa mwisho. Kwenye duara kuna jirani tu. Kwa hiyo mkalishe mmoja, asisogee, halafu wapange wengine kwa kumtazama yeye."

Alinielekeza kidole. "Wewe kaa. Usisogee."

Nikakaa. Wengine watano wakapangwa na kupangwa upya kunizunguka, na ubaoni tulipata njia mia moja na ishirini.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, na kama mmoja ni mnono akakalia viti viwili?"

"Huyo tunamhesabu kwa kilo, si kwa kichwa. Endelea."

Kisha akaleta swali lenyewe. Watu sita wanakula pamoja kwenye duara. Wawili kati yao hawasemezani, hawawezi kukaa jirani. Wanaweza kukaa kwa njia ngapi? Alitufundisha kuanza upande wa pili: hesabu kwanza njia ambazo wawili hao wako jirani, kisha ziondoe. Alitoa kamba ya katani, akawafunga wavulana wawili mkono kwa mkono wawe kama mtu mmoja.

"Mwalimu, na wakianza kupigana wakiwa wamefungwa?"

"Ndiyo maana tunahesabu haraka."

Njia za kuwa jirani zilikuwa arobaini na nane. Zilizobaki, za kukaa mbalimbali, sabini na mbili. Alizipigia mstari mara mbili, na uso wake ukapata nafuu fulani, kama mtu aliyekuta mlango wa nyuma haukufungwa.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi mbele, ambaye hakuwa na ubishi hata kidogo, akauliza, "Lakini mwalimu, si wapatanishwe tu?"

Alifuta ubao wote, hata pasipoandikwa. "Hiyo si topiki yetu," akasema.

Wakubwa wetu walituambia kwamba swali hilo alilitoa kila mwaka, na halikubadilika. Siku zote watu walikuwa sita, siku zote wawili hawasemezani. Tulidhani amelikariri kutoka katika kitabu.

Boma la mama yake mwalimu lilikuwa jirani na letu. Mama huyo, mwaitu, yaani mama yetu, kama tulivyomwita wote, alikuwa na desturi yake ya Krismasi. Watoto walikula nje. Wakubwa sita waliketi jikoni mwake kwenye vigoda vya miguu mitatu vilivyochongwa Wamunyu: yeye mwaitu, binti yake mkubwa, mwanawe wa kiume mkulima na mkewe, na mwanawe mdogo, ambaye ni mwalimu wetu, na mkewe. Kulikuwa na bakuli moja la mti lenye isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mwaitu alichota, akala, akalikabidhi bakuli kwa aliyeketi kuliani kwake. Huyo akala, akamkabidhi wa kuliani kwake, hivyo hivyo mpaka bakuli likamrudia. Halikuwekwa chini. Lilitoka mkono wa mtu na kuingia mkono wa mtu.

Ugomvi wa wale ndugu wawili, mkulima na mwalimu, ulitokana na matuta ya kuzuia maji. Mwalimu alipima shamba la baba yao kwa kamba na vijiti, akachimba mtaro wake kwa vipimo sahihi kabisa. Mvua iliponyesha, maji yalifuata vipimo hivyo yakaingia kwa kaka yake, yakabeba mbaazi zilizokuwa zimeanza kutoa maua. Kaka alikuja kulalamika. Mwalimu, badala ya kusema pole, alimwonyesha vipimo. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoharibu. Kaka yake alisema mbele ya mama yao, bakuli likiwa mkononi mwake, "Kutoka kwa mkono huu hutapokea chakula tena." Akalipitisha bakuli juu ya magoti ya mdogo wake akampa mtu mwingine.

Nyumbani mwao, neno la mkubwa lililosemwa juu ya chakula huondolewa kwa chakula, na kwa mkono uleule. Pole ya mdomo haitoshi, wala mzee wa nje hawezi kuliondoa. Kwa hiyo kila mtu alijua kinachotakiwa: siku moja kaka aketi jirani na mdogo wake, na ampe bakuli. Mwaitu aliingojea siku hiyo. Mimi niliyekuwa nikitumwa kuvishusha vigoda kutoka darini nilimsikia akimwambia mama yangu, "Nikifa kabla hawajapeana, nitakuwa nimezaa majirani tu."

Na mwalimu alifanya nini? Alikuwa wa kwanza kufika jikoni kila Krismasi. Alivipanga vigoda yeye mwenyewe, akaelekeza watu, "Shemeji, wewe hapa. Dada, pale." Wote walidhani ni heshima. Nilipokuwa mtu mzima, nikipanga viti vya harusi na matanga na kuambiwa kila mara fulani asikae na fulani, ndipo nilipoelewa. Alikuwa akichagua mojawapo ya zile sabini na mbili.

Sisemi haya kumshusha. Alimlipia mtoto wa kaka yake shule kwa kupitia kwa mwalimu mkuu, ili isijulikane. Kaka naye, mwalimu alipougua malaria, alimlimia shamba alfajiri na kuondoka kabla hajaonekana. Walipendana kwa njia zote isipokuwa ile iliyotakiwa. Nilimuuliza mwalimu mara moja tu, tukiwa tumekutana Kyumbi tukingoja gari la kurudi, kwa nini asiende kukaa karibu na kaka yake yaishe.

"Na asiponipa?" aliniuliza.

"Basi utajua."

"Sasa hivi sijui," alisema. "Kutojua kuna nafasi ndani yake."

Mwaitu alikufa bila kuiona siku yake. Krismasi iliyofuata walikuwa watano. Binti mkubwa alikaa mahali pa mama. Nilihesabu siku hiyo, kwa ajili yangu mwenyewe, kwa kijiti mchangani. Watu watano kwenye duara, njia ishirini na nne. Wawili wakiwa jirani, kumi na mbili. Wakiwa mbali, kumi na mbili. Sawa kwa sawa. Bado mwalimu alipata pa kukaa.

Kisha mke wa kaka akafa, wakabaki wanne. Njia ni sita tu, na za kuwatenga wawili ni mbili peke yake, nazo zote zinawaweka ana kwa ana. Miaka kadhaa wale ndugu walikula Krismasi wakitazamana usoni, kwa sababu hiyo ndiyo njia iliyobaki ya kukaa mbali. Walizeeka wakitazamana hivyo. Mwalimu alikuwa amestaafu. Koti lilikuwa lilelile, lakini mfuko haukuwa na chaki tena, na mbuzi hawakumfuata.

Mwishoni alikufa mke wa mwalimu. Niliitwa nilete hema na viti. Watu walikuwa wengi, watoto walitoka Nairobi na Mombasa, wakalia, wakala, wakaanza kuondoka jua likiwa bado juu kwa sababu ya safari. Nilikuwa nikipakia viti kwenye mkokoteni dada yao mkubwa aliponiita. Alikuwa mzee sasa, mkono mmoja ukishika fimbo.

"Wewe, nishushie vigoda. Leo hatungoji Krismasi."

"Vingapi, mama?"

"Wewe si ulisomeshwa na huyu? Vya waliobaki."

Nikapanda, nikashusha vitatu, nikavifuta vumbi. Nilimwekea chake mahali pa mama yake, karibu na mafiga. Viwili nikaviweka, kimoja kuliani kwake, kimoja kushotoni. Nilipoviweka, mikono yangu ilisita. Nilikuwa nimehesabu sita, nikahesabu watano, nikahesabu wanne. Sikuwa nimewahi kuhesabu watatu. Katika watu watatu kwenye duara, hakuna njia hata moja ya kuwatenga wawili. Kila mtu ni jirani wa kila mtu.

Mwalimu aliingia wa kwanza, kama desturi yake. Macho yalikuwa mekundu, koti limejaa udongo wa kaburi. Alisimama akavitazama vigoda. Nilijua anachofanya, kwa sababu ndicho nilichokuwa nikifanya. Njia za kupanga watatu ni mbili tu. Akikaa kuliani kwa dada yake, bakuli litamfikia kutoka kwa dada, kisha yeye atampa kaka yake. Hapo kaka hatalazimika kutoa chochote, na neno litabaki palepale, na nafasi ile ya kutojua itabaki nayo. Akikaa kushoto, bakuli litapita kwanza kwa kaka, na litamfikia yeye kutoka kwa mkono uleule, au halitamfikia kabisa.

Dada yao alimtazama. "Kaa, umesimama kama mtu wa sensa."

Mwalimu alinigeukia. Sijui kama alitaka nimwonyeshe njia au nimfiche. Nilikuwa nimechoka, siku nzima nimebeba viti vya watu wanaolia. Nikasogea ukutani.

Akaenda, akaketi kushoto.

Kaka yake aliingia akiinama mlangoni, akiwa na kofia mkononi. Aliona kigoda kimoja kimebaki. Naye alielewa, hakuhitaji hesabu. Akauliza bila kumtazama mtu, "Hiki ndicho changu?"

"Kuna kingine unaona?" dada yake akamjibu.

Akaketi. Nilitaka kutoka, lakini dada yao alikuwa amenyoosha fimbo yake mlangoni kwa ajili ya kuwafukuza kuku, na sikutaka kuiruka. Kwa hiyo nilibaki pale, mgongo ukutani.

Dada alichota, akala kidogo, akampa bakuli wa kuliani. Mkulima alilipokea kwa mikono miwili. Akala. Akatafuna polepole, muda mrefu kuliko isyo inavyohitaji. Bakuli lilikaa juu ya magoti yake. Mwalimu hakunyoosha mkono. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa amepata ngapi. Kuni zilipasuka mekoni. Nikafikiri, sasa anajua, hatapewa, na leo si siku ya mtu kujua jambo kama hilo.

Kaka yake alimeza. Akalitazama bakuli. Akasema, "Maji yale yalibeba mbaazi zangu zote."

"Yalibeba," mwalimu akasema. "Nilipima vizuri, nikachimba vibaya. Pole, mwana wa mwaitu."

Kaka alitikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayeondoa nzi. Kisha akageuka kuliani kwake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shika. Isyo ya chini ni moto."

Mwalimu alilishika. Hakula. Alilishika tu, mvuke ukimpanda usoni, mpaka dada yao akachoka.

"Kula basi, nami nirudishiwe. Mimi pia nina njaa."

Akala. Kisha akampa dada yake, na bakuli likazunguka tena, na tena. Dada aliondoa fimbo mlangoni, nami nikatoka nikaenda kumalizia kupakia viti.

Mwalimu aliishi kidogo baada ya hapo, si sana. Nilipopita njia yao nilimkuta mara nyingi ameketi na kaka yake kwenye tuta lile la ugomvi, wakipeana chupa ya chai. Siku ya kumzika nilipanga viti vya familia mstari wa mbele. Kaka yake alikuja kabla ya watu, akanishika mkono.

"Hapa kushoto kwangu usimweke mtu."

"Ni kuliani kwako alikopokea bakuli, mzee," nilimkumbusha.

"Najua," alisema. "Kulia atakaa dada. Kushoto ndiko mimi nilikokuwa nikipokea chupa kutoka kwake, siku za chai. Alikuwa akikaa huku."

Nikakiacha kiti hicho wazi. Watu walipouliza kwa nini kuna kiti kitupu na wengine wamesimama, niliwaambia kina mwenyewe.